Kuteremka bila kukanyaga breki

Limuru, Kenya

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku tuko salama, ni baridi tu inayotunyanyasa. Natumaini shemeji na watoto wazima, na wewe umerudi Iringa mzigo ukiwa umefika.

Uliponipigia uliniuliza kama ni kweli gari la umeme linajichaji likiteremka, au ni maneno ya wauza magari. Mtandao ukakata kabla sijajibu. Si neno, maana jibu lenyewe ni refu, hasa kwa dereva wa lori anayeshusha shaba kwenye mteremko mkali wa Kitonga.

Ni kweli linajichaji. Ila anayekwambia ni umeme wa bure, mpuuze.

Mota inayozungusha matairi ndiyo hiyohiyo inayogeuka jenereta ukiinua mguu. Unakumbuka dainamo ya baiskeli, ukiibana kwenye tairi taa inawaka lakini pedeli zinakuwa nzito? Uzito ule ndio breki yangu, na umeme wake unarudi kwenye betri. Wewe nusu ya jambo hili unaijua tayari: ukishika eksozi breki, ile inayobana moshi wa injini, lori linazuiwa bila kugusa drami za breki. Tofauti ni kwamba nguvu yako inatoka kama joto na kupotelea hewani.

Gari langu la umeme ni Nissan Leaf ya 2014, limetoka Japani likiwa limetumika, na dashibodi yake inaongea Kijapani hadi leo. Nimezoea vidoti vyake: vya kulia vikiongezeka natumia, vya kushoto vikiongezeka narudishiwa. Gia ziko D na B. Ndani ya D ukiachia mguu linaserereka kama gari lolote la otomatiki. Ukitia B linashikwa. Mguu ndio wenye kazi ya kujifunza. Huuinui wote kwa mpigo, abiria atakuchukia, unaulegeza polepole kadiri kona inavyokuja. Kusimama kabisa bado kunahitaji breki ya kawaida. Leaf za toleo la 2018 zina kitu kiitwacho e-Pedal, hizo zinasimama zenyewe ukiachia.

Njia ya kulipimia ni ile ya kushuka kwenda Mai Mahiu, ile ya kanisa dogo walilojenga mateka wa Kiitaliano wakati wa vita. Malori yanashuka pale yakinuka breki mpaka unafunga vioo. Mimi natia B kabla mteremko haujaanza, naacha nafasi mbele, na kona nyingi nazipita mguu wa breki ukiwa umepumzika. Nikiona lori nyuma yangu nagusa breki kidogo ili taa ziwake, dereva ajue napunguza. Nikifika chini, rimu ni za kushikika kwa mkono. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko chaji.

Maana chaji yenyewe, piga hesabu kama unavyopiga ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambako uniti moja ni kilowati-saa moja. Gari la tani moja na nusu likishuka mita 100, nguvu yote iliyomo ni kama uniti 0.4. Shuka mita 500, ni uniti 2, na hapo bado upepo, matairi na joto la mota havijachukua chao. Ukizipata zote zingekusogeza kilomita kumi na kitu kwenye tambarare, hutazipata zote. Na jioni unapanda mlima uleule kurudi nyumbani, unazilipa na riba.

Sasa sikia hili, ndilo nililotaka ulijue ikiwa siku moja tajiri wako atanunua lori la umeme. Betri ikijaa pomoni, haina pa kuweka umeme. Gari linakataa kuupokea, vidoti vya kushoto havijai, na ile nguvu ya kushika inapungua wakati ndiyo kwanza unaingia mteremkoni. Mtu anayeishi juu kama mimi, akichaji usiku kucha hadi asilimia 100, asubuhi anashuka akitegemea zaidi breki za pedi. Ndiyo maana nikiwa na safari ya Mai Mahiu nachomoa waya ikifika 80 hivi. Betri iliyopoa sana nayo hupokea kidogo. Na kwenye tope narudi D, maana nguvu yote ya B inashika matairi ya mbele tu.

Pedi zinadumu mno, tatizo linakuwa kutu kwenye diski. Mara mojamoja, barabara ikiwa tambarare na tupu, naweka N nifunge breki kwa nguvu zisuguike. Najua kwako neno nyutro ni matusi, lakini nimesema tambarare.

Kuna lori moja Uswisi, karibu na mji wa Biel, ungelipenda. Linaitwa eDumper: Komatsu la machimbo lililong'olewa injini ya dizeli, likawekwa betri ya uniti 600. Linapanda tupu, linapakiwa tani 65 za mawe ya kutengenezea saruji, linashuka nazo kiwandani. Umeme linalopata likishuka na mzigo kwa kawaida unatosha kulipandisha tena. Lakini angalia mzigo unaelekea wapi. Pale unashuka tu. Wewe unashusha shaba, halafu tajiri anakupandisha na mafuta au mbolea Kitonga ileile, kwa hiyo hesabu ya Waswisi kwako haitoki. Kinachobaki ni zile breki ambazo hazikupata moto, na hizo peke yake, kwa jinsi ninavyoijua Kitonga, zingetosha kunishawishi.

Nijibu basi: hiyo semi mpya uliyopewa ina retada, kile kizuia mwendo kisichogusa drami, au bado ni eksozi breki na gia nzito? Na kama ina retada, mvua ikinyesha unaitumia au unaizima?

Msalimie shemeji, na utingo wako pia.

Wako,
Swahiba wa Limuru