Waimbaji wa injili, msikilizeni Jim Reeves

Mhariri,

Jumapili asubuhi ukifungua redio hapa Kenya, haichukui muda kabla hujamsikia Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri. Matangani pia yupo. Wengi tumekua na sauti yake nyumbani, lakini ni nadra mtangazaji kutueleza ilivyopatikana. Nawaandikia kwa ajili ya vijana wanaorekodi nyimbo za injili siku hizi, kwa sababu sauti ile ilifanyiwa kazi.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Galloway, Texas. Babake alifariki yeye akiwa mchanga, mamake akawalea kwa kazi ya shamba. Alitaka kuwa mchezaji wa besiboli, ila jeraha la mguu likamfungia njia hiyo, akaingia redioni kuwa mtangazaji. Naamini hapo ndipo alipojulia kuongea na mtu mmoja aliye peke yake nyumbani, badala ya kuhutubia umati.

Wimbo wake uliovuma kwanza, Mexican Joe wa 1953, ungewashangaza wengi. Sauti iko juu na mwendo ni wa haraka, kama waimbaji wengine wa kantri wa enzi hiyo. Mabadiliko yalikuja 1957 aliporekodi Four Walls chini ya mtayarishaji Chet Atkins. Alisogeza midomo hadi karibu iguse kipaza sauti, akashusha sauti, akaimba kama anayemnong'oneza mtu. Wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya kantri. He'll Have to Go ulifuata mtindo huohuo, ukamtangaza dunia nzima.

Sauti hiyo ya chini ndiyo aliyoipeleka kwenye nyimbo za ibada, zikiwemo za albamu ya We Thank Thee ya 1962. Sikilizeni anavyoimba Take My Hand, Precious Lord. Wimbo huo uliandikwa na Thomas A. Dorsey, mwanamuziki Mweusi wa Chicago, mwaka 1932, baada ya mkewe kufariki akijifungua na mtoto naye kufuata. (Dorsey hatajwi kabisa redioni kwetu, na inaniuma.) Reeves haulilii wala haupigii kelele. Kila neno linatamkwa likakamilika, kiasi kwamba hata asiyejua Kiingereza sana anaweza kulifuata.

Sasa linganisheni na tunayoyasikia. Hivi karibuni nilikuwa matangani, kijana mwenye kipaji cha kweli akasimama kuimba. Alianzia juu kabisa tangu ubeti wa kwanza, spika zikakoroma, wajane waliokaa mbele wakainamisha vichwa na kuziba masikio. Alipofika kwenye kiitikio hakuwa na pa kupandia tena. Sisemi kwaya zetu ziache shangwe, maana kuna ibada zinazoidai. Ila aliyefiwa anahitaji kuimbiwa kwa upole, na mafunzo ya hilo hatuwapi vijana wetu.

Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964, akiwa na umri wa miaka 40, ndege ndogo aliyoirusha mwenyewe ilipoanguka kwenye dhoruba karibu na Nashville. Mpiga piano wake, Dean Manuel, alikufa naye. Mjane wake, Mary, aliendelea kusimamia rekodi zake, na mwaka 1966 wimbo wake Distant Drums ukafika namba moja Uingereza.

Ombi langu kwa watayarishaji wa vipindi ni hili: tarehe 31 Julai ikifika, pigeni Mexican Joe kisha Four Walls, mfululizo, mueleze kilichobadilika katikati. Mkipiga Precious Lord, mtajeni Dorsey. Nanyi walimu wa kwaya, zimeni spika angalau jioni moja ya mazoezi, kila mwimbaji aimbe ubeti mmoja akimtazama mwenzake aliyeketi mbele yake.

Msomaji wenu,
Nakuru