Komyuteta ya kahawia si chafu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa ufundi ulitushauri kwamba tukifungua mota ya DC (ya umeme wa moja kwa moja, kama wa betri), tuipige msasa komyuteta, ile silinda ya vipande vya shaba kwenye mhimili, mpaka ing'ae kama sarafu mpya. Mimi ni fundi wa foklifti za betri hapa Kurasini, mwaka wa 19 sasa, na ushauri huo niliufuata zamani kabla hamjauandika. Nilichukua msasa mweusi wa kusugulia chuma, nikasugua mpaka nikajiona sura. Bosi akanisifu. Wiki tatu baadaye mota ikarudi inatema cheche, kaboni mpya, vile vipande vinavyoigusa komyuteta na kuipelekea umeme, zimelika nusu nzima.

Ile rangi ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, ni utando wa oksidi ya shaba na kaboni. Huo ndio unaofanya kaboni iteleze bila kukwaruza. Ukiuona umetanda sawasawa, funga mota uende zako. Cha kuondoa ni weusi wa kuungua na mafuta, na hata hapo tumia msasa laini wa mbao. Ule msasa mweusi chembe zake hujichomeka kwenye shaba, na tangu hapo kila mzunguko kaboni inapigwa tupa.

Halafu makala haikusema lolote kuhusu maika, ile inayotenganisha vipande vya shaba. Shaba inalika, maika ngumu inabaki imeinuka, kaboni zinaanza kurukaruka. Mimi nina kipande cha msumeno wa chuma nilichokinoa ubavuni mpaka kikawa chembamba. Napita nacho mfereji mmoja mmoja hadi maika ishuke karibu milimita 1, kisha naua makali ya kingo za shaba. Inakula nusu siku, na mgongo wangu unajua.

Kaboni mpya nazo zikalishwe vizuri. Zungushia komyuteta msasa, chenga zikitazama nje, springi zibane, zungusha kwa mkono mpaka uso wa kaboni ushike duara. Vumbi lote lipulizwe nje, maana linapitisha umeme.

Naomba mchapishe masahihisho. Kijana wangu wa kazi ameikata ile makala akaibandika ukutani juu ya vaisi, na nikimwambia ananionyesha gazeti.

Fundi wa foklifti,
Kurasini, Dar es Salaam