Kombe tunalo, iningi ya nane hatuna

Dar es Salaam, Novemba 2025

Swahiba Idrisa,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu, Zubeda pia, na Mzee Kitwana kila tukikutana anauliza lini utaoa. Nimemwambia kwa sasa uko edani, asubiri.

Maana kimya chako kimezidi. Ujumbe wa mwisho uliingia Jumapili alfajiri, mchezo wa saba wa fainali ya besiboli ukiwa iningi ya nane kati ya tisa (iningi ni kila timu kupata zamu yake ya kupiga), Toronto yako ikiwa mbele ya Dodgers wangu wa Los Angeles: "niandalie pilau". Halafu Muncy wetu akapiga homurani, yaani mpira unaovuka uzio na kuleta mkimbio (ndiyo pointi yenyewe), iningi ya tisa Rojas akasawazisha, ya 11, ya nyongeza, Will Smith akamaliza kazi, 5-4, na simu yako ikazimika. Sikuandikii kukucheka (kidogo tu). Nakuandikia kwa ajili ya ile kauli uliyoirudia Oktoba nzima, kwamba Dodgers wamenunua kombe. Upande wa pili nina Faraji, shabiki mwenzangu, anayesema hatuna tatizo lolote, tumsajili mpigaji Kyle Tucker na mwakani tunabeba la tatu mfululizo. Nyote wawili mmepotea, kila mtu na njia yake.

Pesa zilitoka, sibishi. Ila tazama zilikokwenda kwa warushaji wa akiba, wale wanaompokea aliyeanza mechi. Tanner Scott: miaka minne, dola milioni 72, na msimu wa kawaida kaumaliza kwa kuruhusu wastani wa mikimbio 4.74 kwa iningi tisa, huku akikabidhiwa uongozi na kuupoteza mara 10. Kirby Yates: milioni 13 za mwaka mmoja, wastani 5.23. Blake Treinen: 5.40. Hao ndio watatu tuliowategemea wafunge mlango. Evan Phillips alipasuliwa kiwiko mwezi Juni, Brusdar Graterol bega lilimweka nje msimu mzima, na kwenye fainali Alex Vesia hakuwepo kwa sababu za kifamilia. Sasa aliyenunua hivyo si kauziwa mbuzi kwenye gunia?

Kisa cha Scott kinanikera zaidi kwa sababu hakikuwa cha uvivu. Miaka ya nyuma alikuwa akigawa beisi za bure hovyo kwa kurusha nje ya eneo, mwaka huu akazipunguza sana. Kwa macho ni maendeleo. Kumbe wapigaji nao wameshang'amua kwamba straiki (mpira unaopita ndani ya eneo la kupigwa) inakuja mapema, hawasubiri tena, wanauvizia mpira wa kwanza au wa pili ukipita katikati ya kibao. Homurani 11 kwa mtu anayerusha iningi mojamoja! Na slaida, mpira unaopinda ukishuka, isipozama inaning'inia pale pale kifuani, mpigaji hana haja hata ya kunyoosha mikono. Mrushaji wa akiba lazima ajue kulikosa eneo kwa makusudi: mpira wa kwanza straiki pembeni, wa pili uonekane straiki halafu utoke. Scott aliacha kukosa, na hilo ndilo lililomponza.

Kocha wetu Roberts alifanyaje? Aliificha bulpeni, yaani hao warushaji wa akiba. Kabla ya fainali, dhidi ya Brewers wa Milwaukee, aliwategemea wa kuanza: Snell alirusha iningi nane akaruhusu mpigo mmoja tu, Yamamoto akamaliza zote tisa kwa mipira 111, Glasnow akafuata, na Ohtani usiku mmoja katoa watu 10 kwa straiki na kupiga homurani tatu yeye mwenyewe. Mechi nne, Brewers wakapata mikimbio minne, mmoja kila mechi. Watu wakasema bulpeni imepona. Haikupona, haikuitwa!

Ilipoitwa ulijionea mwenyewe, na ulipiga kelele hadi jirani zako wakaamka, bila shaka. Mchezo wa kwanza wa fainali, iningi ya sita, Snell anatoka beisi zote zimejaa na hakuna auti hata moja (mpigaji aliyetolewa; zikifika tatu zamu inaisha). Akaingia Emmet Sheehan, mikimbio ikaanza kumiminika. Akaja Anthony Banda, mkono wa kushoto, dhidi ya Addison Barger anayepiga kwa kushoto. Kitabuni ndivyo inavyotakiwa. Barger akaupeleka jukwaani, mikimbio minne kwa pigo moja, iningi ikaisha na tisa. Na ujue tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabili wapigaji watatu au amalize nusu ya iningi, kwa hiyo kocha hawezi tena kuleta mtu wa mpigaji mmoja kisha kumtoa. Bulpeni yenye watu wawili wa kuaminika, chini ya kanuni hiyo, haifiki iningi ya tisa.

Ndipo tukawa tunaazima wa kuanza. Roki Sasaki, aliyekuja kama mrushaji wa kuanza, akawa mmalizaji, wa kufunga iningi ya mwisho. Mchezo wa nne dhidi ya Phillies alirusha iningi tatu, hakuna aliyefika beisi. Lakini angalia anachorusha: mpira wa kasi unaokaribia maili 100 kwa saa na splita, ule unaodondoka ghafla mbele ya mpigaji, basi. Kwa iningi moja, aina hizo mbili zinatosha na kubaki. Kwa iningi sita hazitoshi, kwa sababu mpigaji akimwona mara ya pili na ya tatu anajifunza kuiacha splita idondoke nje ya eneo la straiki, anaungoja ule ulionyooka. Kwa hiyo mimi nasema arudi kwenye kuanza, afundishwe mpira wa tatu wa kweli wakati huu wa mapumziko. Faraji anataka abaki mmalizaji kwa kuwa "kazoea". Kazoea mwezi mmoja!

Akirudi kuanza, nafasi ya mmalizaji iko wazi, na hapo ndipo ninapotaka pesa ziende. Mmalizaji Edwin Díaz ameachana na mkataba wake wa Mets. Huyo kwanza, Tucker baadaye. Sisemi uwanja wa kushoto hauvuji, Conforto kapiga .199 kwa milioni 17, na umri unatusogelea: Freeman 36, Muncy 35, Betts 33. Lakini mikimbio tunaipata. Tunachokosa ni mtu wa kuingia iningi ya nane tukiongoza kwa moja nami nisishike kichwa.

Halafu kuna Yamamoto, na hili ndilo linalonikosesha raha kuliko la Scott. Mchezo wa sita, Ijumaa, mipira 96. Jumamosi akarudi, mingine 34, iningi mbili na auti mbili, na huyo ndiye aliyetuokoa. Nyie mlimwona shujaa wa mchezo. Mimi nilikuwa natazama bega. Msimu wa kawaida iningi 173 na auti mbili, mechi za mchujo baada yake 37 na auti moja: jumla 211. Mwaka 2024 msimu wa kawaida alirusha 90 tu. Japani walizoea kumrusha mara moja kwa wiki, na Dodgers wanaweka watu sita wa kuanza ili kumkaribishia ule mwendo. Sasa Machi kuna kombe la mataifa, na Japani watamtaka.

Ukitaka kujua mapema kama amechoka, Aprili usitazame matokeo. Tazama splita. Mkono uliochoka hauishushi, inabaki kiunoni na wapigaji wanaanza kuifikia. Pili, linganisha kasi ya iningi ya kwanza na ya tano. Ikishuka maili mbili kabla ya mpira wa 70, kuna jambo. Tatu, akianza kukosea juu ya eneo, hasa upande wa mkono wake mwenyewe, mwili unatangulia na mkono unachelewa. Nitakuwa nakuandikia, usiniblok.

Kwenye hesabu ya watu hatuko vibaya. Yamamoto, Snell, Glasnow, Ohtani, Sasaki, Sheehan, halafu Gavin Stone na River Ryan wanarejea baada ya kukosa 2025 yote. Kikosi ni watu 26, warushaji wasizidi 13, ila Ohtani anahesabiwa mchezaji wa kazi mbili (anarusha na kupiga) kwa hiyo sisi tunaruhusiwa 14 tukimjumlisha. Maana yake sita wanaanza na bado bulpeni ina wanane. Timu nyingine ikiweka sita inabaki na saba. Watu wanalisahau hili, wanaona homurani tu. Tatizo, wote sita hawajawahi kuwa wazima pamoja: Snell mwaka huu ameanza mara 11, Glasnow 18. Na Kershaw ndiyo kastaafu, yule mzee aliyeingia iningi ya 12 ya mchezo wa tatu wa fainali, beisi zimejaa, akapata auti moja na kwenda zake. Will Klein naye, iningi nne, mipira 72, usiku ule wa iningi 18... hivi kweli unaweza kupanga msimu ukimtegemea mtu kuamka hivyo mara moja?

Basi, nijibu. Bichette wenu anabaki au anaondoka? Akiondoka, nani anasimama pale katikati? Mrushaji wenu Yesavage watamlea vipi, maana kijana wa miaka 22 aliyetoa watu 12 kwa straiki kwenye fainali watamtaka arushe kila siku? Na mmalizaji wenu Hoffman, baada ya ile homurani ya Rojas, bado mnampa iningi ya tisa? Mbona na nyie ugonjwa ni ule ule na hausemi? Disemba unakuja au umeahirisha tena?

Ukija, nina shida moja. Kijana wa Zubeda anadaka nyuma ya mpigaji kwa glavu ya kawaida na kidole gumba kimeshaanza kuvimba. Mtafutie ya mdakaji, mzunguko inchi 32 na nusu, ya anayerusha kwa mkono wa kulia, yaani inavaliwa kushoto. Msisitizie muuzaji hilo, na usichukue ngumu kama ubao, hatapata mtu wa kumlainishia huku. Bei nitumie, nitakurudishia kupitia kaka yako.

Wako,
Hamisi