Upinde ukilowa, usiupeleke jikoni

Januari iliyopita mzee mmoja kutoka upande wa Chemba aliingia karakanani kwetu Kizota, hapa Dodoma, na upinde uliofungwa kwenye khanga. Ulikuwa wa mti wa mkole, wa kurithi, pale katikati umeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Alikuwa ameuegemeza konani nyuma ya magunia ya mahindi, na usiku bati likavuja.

"Mjukuu wangu, niliukausha vizuri kabisa," aliniambia.

"Uliukaushia wapi, mzee wangu?"

"Jikoni, kando ya mkaa. Asubuhi nikautia ugwe, ile kamba yake, ukalia."

Nilipitisha ukucha mgongoni mwa upinde, ukanasa. Ufa wa karibu shubiri nzima, mwembamba kama unywele.

Mvua haikuuvunja ule upinde. Kilichouvunja ni haraka. Mti mkavu hunywa unyevu wa hewani hata kama haujaguswa na tone, na hewa ikikauka huutoa tena. Ukijaa unyevu hulegea, mshale hauendi mbali, na ukiuvuta katika hali hiyo unaweza kubaki umejikunja usirudi tena. Ukiuweka karibu na moto, nje hukauka na kusinyaa ilhali ndani bado umejaa maji. Lazima kitu kiachie.

Wateja hutuambia Dodoma ni kukavu, unyevu utoke wapi? Kweli, mjini kwa kawaida hatufikishi milimita 600 za mvua kwa mwaka. Lakini karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili, baada ya miezi ya upepo na vumbi tupu. Upinde uliokauka kau Oktoba ndio unaokutana na mvua ukiwa na kiu.

Kwa hiyo kazi ya kuukinga upinde na unyevu sisi tunapenda kuifanya Novemba. Tunaupiga msasa mwepesi, kisha tunaupaka mafuta ya mbegu za kitani, kidogo sana, na kuyasugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate joto. Tunauacha siku kadhaa, tunarudia. Ncha mbili hupata zaidi, maana mti hunywa maji kwa kasi pale ulipokatwa. Mwisho tunapaka nta ya nyuki. Nta tunaiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa pembeni: vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Mafuta ya alizeti tunayajua, yamejaa kila duka, na kila msimu kuna anayeyajaribu. Yanabaki yananata, yanashika vumbi, baadaye yananuka. Vanishi ngumu ya fanicha nayo inapendeza siku ya kwanza tu. Upinde unapinda, vanishi haipindi. Inapasuka, maji yanaingia na hayapati pa kutokea. Na tusidanganyane, hata mafuta na nta havizuii unyevu kabisa. Vinauchelewesha.

Ugwe wa kano ukilowa hurefuka na kulegea, basi nao upakwe nta. Na usiuache upinde na ugwe wake usiku kucha, mvua au kiangazi.

Umeshalowa? Vua ugwe, futa maji, ulaze kivulini juu ya vigingi viwili, mbali na jiko, jua na dirisha la gari. Usiukunje hata kwa kujaribu. Jirani yako mwenye duka ana mzani: upime kila baada ya siku mbili tatu. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Ule wa mzee tuliutia gundi, tukauzungushia uzi uliopakwa nta. Nikamwambia wazi kuwa hautavutwa tena, ni wa kushika kwenye ngoma. Akacheka, akasema hata hivyo wajukuu wake hawana kibali cha kuwinda. Hapo alisema kweli: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda, uwe na bunduki au upinde.

Tunapokea pinde Jumatatu hadi Jumamosi. Bei tunapatana tukishauona. Ulete bila ugwe, na kama umelowa, ulete ukiwa umelowa hivyo hivyo.