Papa wa kuhama walindwe kabla hawajafika sitahani

Mhariri,

Kila likitajwa suala la papa wanaonaswa na meli za jodari, jibu huwa lile lile: wavuvi wameshaamriwa wawarudishe majini. Ni kweli kwa baadhi ya aina. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, ilipiga marufuku mwaka 2013 kubaki na papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe za mapezi, na kabla ya hapo ilikuwa imekataza papa wa mkia mrefu. Ila amri hiyo huanza kufanya kazi papa akiwa ameshavutwa hadi sitahani, na mara nyingi hapo maji yameshamwagika.

Tazama wavu wa kuzungushia. Ukishafungwa chini na kukazwa, jodari hubanana na kila kilichokuwa jirani yao. Papa laini, anayefuata makundi hayo, hupumua kwa kuogelea. Akikosa nafasi ya kwenda mbele, maji hayapiti tena kwenye matamvua yake. Kisha huchotwa pamoja na jodari, mzigo mzima ukiwa juu yake. Watafiti waliopanda meli za Ufaransa katika bahari hii walikuta kwamba zaidi ya wanne kati ya watano hufa, ukiwajumlisha na wale wanaorudishwa wangali hai kisha wakafa. Nahodha anaweza kuitii sheria neno kwa neno na bado akawa anatupa mizoga.

Na nani anamwona? Kwa meli kubwa, kiwango cha chini cha uangalizi kilichowekwa na Tume hiyo ni asilimia 5 ya shughuli za uvuvi. Zinazobaki tunategemea daftari la nahodha mwenyewe.

Hatuna muda wa kuchezea. Kati ya 1970 na 2018 wingi wa papa na taa wa bahari kuu duniani ulipungua kwa takriban asilimia 71. Hawa si dagaa. Hukawia kukomaa na huzaa watoto wachache. Tena ni wasafiri, kwa hiyo nchi moja ikiwalinda kwenye maji yake, watanaswa kwingine.

Kilichowahi kusaidia ni kubadili zana. Mwaka 2013 watafiti walikadiria kwamba papa laini kati ya 480,000 na 960,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika Bahari ya Hindi kwa kunaswa na vipande vya nyavu vilivyoning'inia chini ya maboya ya kukusanyia samaki. Vifo hivyo havikuwa kwenye hesabu ya meli yoyote, maana papa hawakufika hata sitahani. Jibu halikuwa kumtafuta kila papa na kumnasua. Nyavu hizo zilikatazwa, na tangu 2020 maboya yanatakiwa yawe ya aina isiyonasa.

Mantiki hiyo hiyo ipelekwe kwenye mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoano. Kipande kinachoshika ndoano kikiwa cha waya, papa hawezi kukikata. Kikiwa cha nailoni, hukikata kwa meno akaenda zake. Ndoano hubaki mdomoni, sikatai, lakini ana nafasi ya kuishi. Pasifiki ya Magharibi na Kati wamekataza waya katika ukanda wa tropiki tangu Januari 2024. Wanaolalamika kuhusu hasara wausome utafiti wa Australia wa mwaka 2008: nailoni ilipunguza papa, na jodari wa macho makubwa walinaswa zaidi kuliko kwenye waya.

Nitaambiwa majarife ya wavuvi wadogo nayo yanaua papa. Yanaua, tena wengi, na yanahitaji barua yake. Hilo halizipi ruhusa meli za viwanda.

Uzuri wa marufuku ya waya ni kwamba haihitaji mwangalizi kukesha baharini. Mkaguzi hufungua makasha ya mishipi meli ikiwa gatini, akaona kwa macho yake. Nchi zetu zina kura katika Tume hiyo, na zina leseni zinazozitoa kila mwaka kwa meli za kigeni. Sharti la kutotumia waya kabisa liandikwe ndani ya leseni hizo, na meli itakayokutwa nao inyang'anywe leseni.

Msomaji wenu