Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Nauli ile ile, safari nusu

Mheshimiwa Waziri,

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta, na sisi tunaopanda daladala hapa Dar es Salaam tunalisubiri tangazo hilo kwa wasiwasi kuliko wenye magari. Tunaambiwa tusihofu, kwamba nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na konda hana ruhusa ya kuongeza hata shilingi hamsini. Ni kweli, haongezi. Anakatisha ruti.

Njoo kituoni saa kumi na mbili jioni, Mheshimiwa. Gari limeandikwa Chanika ubavuni, lakini konda ananing'inia mlangoni anaita, "Gongo la Mboto mwisho!" Unapanda, utafanyaje? Ukifika unashuka, unagombania gari jingine, unalipa upya. Mama mwenye ndoo ya samaki na mtoto mgongoni analipa nauli mbili kwa safari ambayo kisheria ni moja. Likikosekana gari la pili, zimebaki bodaboda, na bei ya bodaboda usiku ni ile atakayoitaja dereva.

Simlaumu dereva peke yake. Asubuhi anakabidhiwa gari na hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari: kiasi lazima kifike jioni, abiria wawepo wasiwepo. Dizeli anainunua kwenye makusanyo ya siku hiyo hiyo, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda. Dizeli ikipanda, hesabu haishuki. Basi anapunguza anachoweza kupunguza, yaani kilomita zetu, huku akiwakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni 200. Watoto wenye sare wanasukumwa mlangoni, wanaambiwa "wawili tu", wanaachwa. Linaniuma sana hilo.

Mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Tulishukuru. Nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa imetoka 400 kwenda 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Tukalipa. Ruti zikaendelea kukatishwa.

Ombi langu ni kwamba muanzie kwenye hesabu. Mmiliki asipewe leseni ya ruti mpaka aonyeshe mkataba wa dereva wenye mshahara, na mkaguzi apite kuuliza madereva kama mshahara huo wanaupata kweli. Dereva mwenye mshahara hana sababu ya kutushusha njiani. Wakati hilo linashughulikiwa, wekeni wakaguzi vituoni jioni, si saa nne asubuhi magari yakiwa matupu. Na hao wanafunzi, Serikali ifikirie kufidia tofauti ya nauli yao, maana mzigo huo sasa hivi ameachiwa konda, naye anamtupia mtoto.

Bei ya mafuta ya mwezi ujao itatangazwa Jumatano. Tungependa kusikia kutoka kwako kabla ya siku hiyo.

Ni mimi,
Abiria wa Chanika