Mkanda upi? Gari iuzwe na daftari lake

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye magari, khasa wanaonunua gari iliyokwisha kupita mikono miwili mitatu. Kabla hujauliza bei, uliza daftari la matengenezo yake.

Mie nilikuwa karani wa kituo cha karafuu hapa Pemba. Karafuu ya mtu ikishapimwa naandika jina, kilo, daraja na fedha alizochukua. Mkulima akirudi mwaka wa pili kubisha, nafungua kitabu namwonesha. Nilipostaafu nikanunua Hiace ya dizeli ichukue abiria baina ya Wete na Chake, na huko sikuandika hata mstari mmoja. Aliyeniuzia alisema, "Mkanda mpya, huu una miezi mitatu." Nikafungua boneti, nikauona, kweli mpya. Nikalipa.

Asubuhi moja tulikodiwa kupeleka watu Mkoani wakapande boti. Tumeipita Mtambile, tuko kwenye kilima, gari ikazima. Ukipiga stata injini inazunguka kirahisi tu, kama haina kitu ndani. Dereva wangu, ambaye ni mtoto wa dada yangu, akanitazama. "Mjomba, mkanda umekatika." Nikamwambia haiwezekani, mkanda mpya. Nyuma kulikuwa na bibi mmoja na kapu lake la shokishoki anapeleka kwa wajukuu Unguja. Aliniuliza mara moja tu: "Mwanangu, boti itatungoja?" Nilimtafutia gari nyengine, lakini uso wake ninao mpaka leo.

Fundi alipofungua ndipo nikajua ujinga wangu. Mkanda mpya niliooneshwa ulikuwa wa feni, ule wa nje. Uliokatika ni wa taimingi, unaofungua na kufunga vavu, yaani vilango vya hewa vya injini; huo umejificha nyuma ya kifuniko chake, na meno yake yalishang'oka nusu. Muuzaji pengine hata hakusema uongo. Kaambiwa "mkanda umebadilishwa" na mwenzake, na yeye kaniambia mie vivyo hivyo.

Fundi akafuta kile kifuniko kwa tambara la dizeli. Chini ya masizi kukatokea karatasi ya kubandika yenye maandishi ya Kijapani, na tarakimu ambazo hata mie nazisoma: 24, na 198,450. Kijana mmoja anayetoa magari bandarini Malindi, Unguja, akanifahamisha kwa simu kuwa 24 ni mwaka wa enzi yao ya Heisei. Ongeza 1988, unapata 2012, mwaka mkanda ulipobadilishwa; na 198,450 ni kilomita za siku hiyo. Dashibodi yangu inasoma 312,400. Mkanda ambao hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 ulikuwa umekwenda 113,950. Tena gari hizi zina taa yake kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT, huwaka muda ukifika. Yangu haikuwaka. Tulipoifungua dashibodi tukakuta balbu imetolewa. Taa ilimkera mtu, akaona dawa ni kuing'oa.

Kwa injini kama yangu mkanda huo ukikatika, vavu zilizo wazi hubaki wazi, na pistoni ikipanda huzigonga. Zangu zilipinda. Mkanda wenyewe bei yake haikufika shilingi laki moja. Kazi nzima ilinitoa milioni moja na laki nne, na wiki tatu gari iko juu ya mawe, msimu wa karafuu huo, watu wanaitafuta gari kwa tochi.

Linaloniumiza ni kuwa katika wote walioimiliki gari ile, pamoja na mie karani, aliyeandika ni yule Mjapani peke yake, naye hakujua kama gari yake itafika Mtambile.

Sasa nina kauntabuku, linakaa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kiti cha dereva. Naandika tarehe, kilomita, kilichofanywa, jina la fundi na bei. Siandiki "mkanda", naandika mkanda gani. Siandiki "oili", naandika ya injini au ya gia boksi, na lita ngapi. Risiti za mashine nazinakili kwa kalamu siku hiyo hiyo, maana ukiiacha juu ya dashibodi jua letu hili linakurudishia karatasi nyeupe. Fundi mmoja aliniuliza, "Mzee, unanipeleleza?" Mwengine amekwisha kuzoea, nikisahau ananidai daftari mwenyewe. Ombi langu kwa mafundi: mkibadilisha mkanda wa taimingi, andikeni kilomita juu ya kifuniko kwa rangi. Ni kazi ya dakika moja. Na wauzaji, mkikabidhi kadi ya gari, kabidhini na daftari.

Nami nina deni. Kabla ya Hiace niliuza Suzuki Carry nyeupe kwa kijana wa Konde, bila ya karatasi yoyote, nikamwambia "gari haina tabu". Kama anasoma hapa: oili ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma, sikuibadilisha tangu niinunue, miaka minne. Breki za nyuma zilifunguliwa mara moja tu. Mkanda wa taimingi sijui, sikupata kuuliza.

Karani Mstaafu,
Wete, Pemba